Ekseli nzito chini ya Land Rover 109: nini kinaongezeka, nini kinabaki palepale

Hafshafti ya nyuma ya Land Rover 109, ile ndefu ya mfululizo wa Series, ni mhimili unaopeleka mzunguko kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye gurudumu, na kwa kawaida haikatiki gari likiwa tupu kwenye lami. Hukatika kwenye mwinuko, mzigo umejaa, gia ya kwanza imeingia, tairi moja la nyuma likizunguka hewani kisha likatua ghafla kwenye jiwe. Kinasikika kishindo kimoja, injini inapandisha sauti, gari linasimama. Na hapo kuna hatari ambayo kila mwenye gari hili anapaswa kuijua kabla ya jambo lingine lolote: breki ya mkono ya Land Rover za Series haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya transfa, boksi ya gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, na inashika propela ya nyuma, mhimili mrefu unaoipelekea ekseli mzunguko. Hafshafti moja ikishakatika, ukivuta breki hiyo propela itasimama lakini magurudumu ya nyuma yatabaki huru, na kama hukuwa umeingiza magurudumu manne, gari litarudi nyuma. Weka jiwe chini ya tairi kwanza, mengine yatafuata.

Baada ya siku kama hiyo ndipo mwenye pikapu huanza kuulizia ekseli ya Salisbury, iliyo nzito kuliko ile ya kawaida ya Rover. Pikapu hizi bado zipo kazini. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na kabla yake zilikuwapo Series II na IIA. Serikali, polisi, misheni na wenye mashamba walizinunua kote Afrika Mashariki, na nchini Kenya baadhi ziliunganishwa palepale Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Leo wanaozimiliki wamezoea kuziwekea injini za dizeli zenye nguvu kuliko ile ya kiwandani, na wanazipakia kuliko walivyokusudia waliozibuni. Ekseli ndiyo inayolipa.

Ushauri unaotolewa gereji huwa mfupi: “Tia Salisbury, utasahau.” Ushauri huo una ukweli, lakini umeacha mengi nje. Ninavyoona mimi, ekseli ibadilishwe kwa sababu ya kile kinachovunjika. Anayeibadilisha ili apakie zaidi hajatatua kitu, amehamisha tu mahali gari litakapoharibika.

Kazi tatu ndani ya bomba moja

Ekseli ya nyuma inafanya kazi tatu kwa pamoja. Inabeba uzito wa gari na mzigo. Inapokea mzunguko wa propela, inaupunguzia kasi na kuuongezea nguvu, kisha kwa difu, gia zilizo katikati yake, inaugawa kwa magurudumu mawili. Na inashikilia breki. Kazi hizi hazifanywi na vipuri vilevile, na hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia.

Kwenye 109, uzito unabebwa na bomba la ekseli na beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hafshafti haibebi uzito hata kidogo. Imeelea ndani ya bomba, na kazi yake ni kusokotwa tu kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo maana unaweza kufungua flenji ya habu, ukaichomoa hafshafti yote nje, na gurudumu likabaki limesimama mahali pake bila jeki. Dereva aliyekatikiwa porini hufanya hivyo hasa: anachomoa vipande, anaingiza magurudumu manne, anarudi nyumbani akivutwa na ekseli ya mbele peke yake. Inawezekana kwa sababu transfa ya Series haina difu ya katikati, na ukiingiza magurudumu manne propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Kipande kilichobaki ndani ya difu kitolewe haraka, maana kikiingia kati ya meno kitaivunja na yenyewe.

Kwa hiyo hafshafti inapokatika, si kwamba imelemewa na uzito moja kwa moja. Mzigo unaingia kwa mlango mwingine. Gari tupu likikosa mshiko wa kupanda, tairi huteleza, na kule kuteleza kunaiokoa hafshafti. Gari lililojaa limekandamiza tairi chini kiasi kwamba haliwezi kuteleza, basi msokoto wote wa injini unaishia kwenye chuma.

Tufanye hesabu. Injini ya petroli ya Series III, ile ya lita 2.25, hutoa msokoto wa juu wa kama Nm 161 (Nm, nyutoni-mita, ndicho kipimo cha msokoto). Gia ya kwanza inauzidisha mara 3.68. Transfa kwenye gia nzito inauzidisha mara 2.35. Difu inauzidisha tena mara 4.7. Ukivizidisha vyote unapata mara 40 na zaidi kidogo, yaani karibu Nm 6,500, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Kwenye tambarare ekseli mbili hugawana kiasi hicho. Kwenye mwinuko mkali mbele panakuwa pepesi, nyuma panabeba karibu kila kitu, na kila hafshafti ya nyuma inapata zaidi ya Nm 3,000.

Sasa toa injini hiyo, weka dizeli ya 200Tdi au 300Tdi, ambayo Land Rover wenyewe waliitengeneza baadaye na ambayo wengi huipachika kwenye 109. Msokoto wake ni kama Nm 265. Kwa gia zilezile, hesabu inapanda hadi zaidi ya Nm 10,700. Hakuna kilichobadilika chini ya gari, lakini hafshafti ileile inasokotwa kwa zaidi ya mara moja na nusu ya kile ilichopangiwa.

Hafshafti ya Rover ina splaini 10, yaani meno marefu ya kuishikiza, upande wa difu. Mifereji yake ni michache na imechimba chuma kwa kina, kwa hiyo kiini kinachobaki ni chembamba, na nyufa huanzia kwenye kona za mifereji hiyo. Ya Salisbury ina splaini 24, ndogo na zisizochimba sana, hivyo kiini ni kinene. Unene huo una faida kubwa kuliko jicho linavyoona, kwa sababu uwezo wa mhimili kuhimili msokoto unakua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Ongeza kipenyo kwa asilimia 10 tu, uwezo unaongezeka kwa karibu theluthi.

Kuna jambo la uchovu wa chuma pia. Hafshafti iliyosokotwa mara nyingi karibu na kikomo chake hupata ufa mdogo usioonekana, na ufa huo huenda ukikua taratibu. Kwa hiyo hafshafti inayokatika leo mahali pepesi pengine iliumizwa mwaka jana mlimani. Ikikatika moja, badilisha zote mbili. Ya pili imepita njia zilezile.

Kuitambua Salisbury, na kwa nini si kila kitu chake ni bora

Salisbury ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na kampuni yenye jina hilo, na ina undugu wa karibu na Dana 60 ya Marekani, ekseli ileile ambayo wenye pikapu kongwe za Chevrolet na Ford kule wanaisaka kwa sababu kama zetu. Land Rover waliiweka kwanza kwenye magari yao ya kazi nzito, kisha ikawa ya kawaida nyuma ya 109 mapema katika uhai wa Series III. Maana yake ni kwamba 109 yako huenda tayari inayo. Chungulia chini kabla ya kununua.

Kuitambua ni rahisi. Ekseli ya Rover ukiitazama kutoka nyuma ina tumbo laini la mviringo lisilo na boliti, kwa kuwa difu yake hutolewa kwa mbele kama kipande kimoja. Salisbury ina mfuniko wa nyuma uliofungwa kwa boliti 10, na pua yake ya mbele ni ndefu, imeungana na nyumba ya difu.

Faida zake ni hizi: krauni na pinyoni (gia mbili kuu za difu) kubwa, hafshafti nene, bomba nene, oili nyingi zaidi. Ya Rover inachukua kama lita 1.75, Salisbury kama lita 2.5. Fundi aliyezoea ya Rover akipima oili kwa kukumbuka badala ya kujaza hadi kwenye tundu la kiwango, ataiacha Salisbury na upungufu wa robo tatu ya lita, na pinyoni ndiyo itakayoumia.

Hasara zake zisifichwe. Ni nzito, na uzito wake wote uko chini ya springi, kwa hiyo gari tupu linarukaruka zaidi kwenye barabara ya mabati. Tumbo lake linaning’inia chini kuliko la Rover, hivyo jiwe lililokuwa likipita sasa litagonga. Na kubwa kuliko zote, matengenezo. Difu ya Rover ikiharibika, unachomoa hafshafti, unafungua propela na nati za mzunguko, unaitoa difu nzima na kuweka nyingine iliyopangwa mezani kwa utulivu. Kazi hiyo inafanyika chini ya mti. Difu ya Salisbury imepangwa ndani ya nyumba yake, kwa shimu, sahani nyembamba za kurekebisha nafasi, zinazopimwa kwa sehemu za milimita, na ili itoke kwa utaratibu wa kiwandani inahitaji kifaa maalumu cha kuipanua nyumba hiyo. Fundi asiye na kifaa hicho wala saa ya kupimia ataifungua kwa nyundo na mtaimbo, na ikirudi itavuma hadi ife. Kwa anayeishi mbali na gereji nzuri, ekseli dhaifu inayotengenezeka inaweza kuwa na maana kuliko imara isiyotengenezeka. Nasema hivi nikijua wapenzi wa Salisbury watanikatalia.

Uwiano wa difu: hapa ndipo wengi wanaumia

Difu ya 109 ya kawaida ina uwiano wa 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Salisbury iliyokuja na 109 ya kawaida nayo ni 4.7, na inaoana na ekseli ya mbele bila shida. Lakini mwaka 1979 ilitoka 109 yenye injini ya V8, inayojulikana kama Stage 1, na difu zake ni 3.54. Mwaka 1983 ikaja 110, nayo hatimaye ikatulia kwenye 3.54. Ekseli hizi za nyuma ni Salisbury, kwa nje zinafanana mno, na kwenye rundo la spea hakuna anayezitenganisha.

Ukiweka ya 3.54 nyuma na kuacha 4.7 mbele, hutaona tatizo siku ya kwanza. Kwenye magurudumu mawili gari linakwenda, tena linaonekana limeburudika. Kwa tairi za 7.50-16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaihitaji injini izunguke kama mara 2,900 kwa dakika ukiwa na 4.7. Ukiwa na 3.54 inazunguka kama 2,200. Kelele inapungua, mwenye gari anafurahi. Spidomita nayo inaendeshwa kutoka transfa, haijui kilichobadilika nyuma, kwa hiyo inasoma 60 wakati gari linakwenda karibu 80. Hilo peke yake ni hatari.

Balaa linakuja siku ya matope. Unaingiza magurudumu manne, propela mbili zinafungwa pamoja zizunguke sawa. Kwa mzunguko uleule, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mita 100 na ya nyuma yanataka kwenda karibu mita 133. Hayawezi yote kupata yanachotaka. Kwenye utelezi, tairi za mbele zitaburuzwa kama breki. Kwenye ardhi ngumu, kitu kitakatika: krosi (kiungo cha propela), hafshafti ya mbele, au gia ndani ya transfa. Na kumbuka kwamba kwenye Series, ukiingiza gia nzito za transfa, magurudumu manne yanaingia yenyewe. Huwezi kutumia gia nzito na kuikwepa ekseli ya mbele, labda uifungue propela yake au habu zake.

Kuhesabu uwiano hakuhitaji kifaa. Kama ekseli iko chini ya gari, inua gurudumu moja la nyuma tu, la pili libaki limekanyaga ardhi. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi zote zilizo chini, gia iwe huru, kisha achia breki ya mkono, kwa kuwa breki hiyo ndiyo inayoishika propela. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Mara 2, kwa sababu upande mmoja umezuiwa, na difu hulipa nusu tu. Propela ikizunguka mara 4 na karibu robo tatu, ni 4.7. Ikizunguka mara 3 na nusu, ni 3.54. Ekseli iliyolala sakafuni ipimwe vivyo hivyo, flenji ya upande mmoja ikiwa imeshikwa isizunguke. Ukiacha pande zote mbili huru, hesabu itakudanganya.

Ukitaka 3.54 kwa ajili ya mwendo wa barabarani, badilisha mbele na nyuma kwa pamoja. Inawezekana, na kwa injini ya Tdi inaleta raha. Ila ujue kwamba gia zako zote, pamoja na ile ya kupandia mlima, zimekuwa nyepesi kwa robo. Kwa pikapu ya kubeba mawe au maji kwenye vilima, mimi ningebaki na 4.7.

Kuifunga

Salisbury ya 109 kwenye 109 ni kazi ya spana, haihitaji kuchomelea. Vikalio vya springi vinaangukia mahali pake, stadi za gurudumu ni 5 kwa mpangilio uleule, rimu zinaingia. Lakini kuna vitu vinne ambavyo aliyenunua ekseli peke yake huja kuvikosa jioni, gari likiwa limeshapandishwa juu.

Cha kwanza ni propela. Pua ya Salisbury ni ndefu, kwa hiyo propela ya nyuma ya 109 ya Rover haitaingia, inatakiwa fupi zaidi. Cha pili ni yubolti zinazofunga ekseli kwenye springi: bomba la Salisbury ni nene, zile za zamani hazilizunguki. Cha tatu ni sahani za chini zinazopokea yubolti na kushikilia shokapu. Cha nne ni bomba za breki zinazopita juu ya ekseli, ambazo mkao wake ni tofauti. Nunua vyote kutoka kwenye gari lilelile lililotoa ekseli. Yubolti zenyewe ziwe mpya, maana yubolti iliyokwisha kuvutika haikazi tena kama inavyotakiwa, na ikilegea ekseli inatembea juu ya springi na kukata boliti ya katikati.

Kabla ya kulipa, fungua mfuniko wa nyuma. Muuzaji akikataa usifungue, ondoka. Tazama meno ya krauni: yawe na mng’ao wa kulingana, bila makovu wala kingo zilizomeguka. Oili yenye unga laini wa kijivu ni ya kawaida kwa umri wake. Yenye vipande vinavyometameta ni beringi au meno yanayokufa. Shika flenji ya pinyoni uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi zake zimekwisha, na hiyo ndiyo ile kazi ya shimu na saa. Kisha tazama bomba lenyewe. Ekseli iliyobebeshwa kupita kiasi hujipinda bila kuvunjika. Ukishaifunga kwenye gari pima umbali kati ya rimu mbili kwa mbele na kwa nyuma, kwa kimo cha habu. Vipimo visipolingana, bomba limepinda au stabu, ncha ya ekseli inayobeba habu, imepinda, na tairi zitalika kwa ndani au nje bila dawa.

Usisahau kitundu cha kupumulia juu ya bomba. Ekseli iliyopata moto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kuvuta hewa. Kitundu kikiziba kwa matope, itavuta maji kupitia sili za habu. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa inatokana na hapo.

Wakati wa kazi, rudia ile ya mwanzo: propela ikishafunguliwa, breki ya mkono haina kazi. Kabari kwenye tairi za mbele, stendi imara chini ya chesesi. Jeki peke yake haitoshi.

Ekseli za magari mengine

Salisbury ya 110 inavutia kwa sababu inapatikana zaidi, lakini 110 imekaa juu ya koili springi. Ekseli yake ina mabano ya mikono na ya koili, haina vikalio vya springi za kulala, na ni pana kwa zaidi ya sentimita 15, hivyo tairi zitatoka nje ya bodi kama hukubadilisha na ya mbele. Kuitumia kunahitaji kukata mabano na kuchomelea vikalio vipya. Bomba la ekseli likichomelewa kwa mfululizo hujipinda kwa joto. Fundi makini huchomelea vipande vifupi, anahama upande, anaacha kupoa, anapima. Na pembe ya vikalio hivyo ndiyo itakayoamua pembe ya pinyoni: flenji ya transfa na flenji ya difu zinatakiwa zitazamane kwa pembe zinazolingana, la sivyo krosi zitatetemesha gari kwenye mwendo fulani na kufa mapema. Gari lililoinuliwa kwa springi mpya hupata tatizo hilohilo hata bila kuchomelea.

Ekseli za Toyota Land Cruiser nazo zinawekwa chini ya Land Rover, na nimeona kazi nzuri ya namna hiyo. Sharti lake ni kuchukua mbili kwa pamoja, kwa kuwa uwiano wa kawaida wa Land Cruiser za kazi ni kama 4.1, na rimu za zile kongwe ni za stadi 6. Ukishafika hapo una mambo mapya ya kuyapanga: difu iko upande gani wa gari ukilinganisha na propela inakotokea, mikono ya stelingi, masta silinda ya breki, na pembe ya mbele ya kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) inayolifanya gari lirudi kwenye mstari ukiachia usukani. Kwenye Series pembe hiyo ni nyuzi 3. Ikipotea, gari huyumba barabarani hata ekseli iwe imara namna gani. Huo si ubadilishaji wa ekseli tena, ni ujenzi wa gari upya kuanzia chini, na ufanywe na fundi anayeuelewa hivyo.

Mzigo haupandi kwa sababu ekseli imepanda

Land Rover wenyewe waliwahi kutengeneza 109 ya kubeba tani moja, One Ton, tangu siku za Series IIA. Ukiitazama unaona jinsi kiwanda kilivyofikiri. Hawakuishia kwenye ekseli. Waliweka springi nzito na kuzishusha kwenye chesesi iliyotengenezwa kwa ajili yake, tairi kubwa za 9.00-16, uwiano mzito zaidi ndani ya transfa ili tairi hizo kubwa zisiilemee injini, na breki zenye msaada wa servo. Salisbury ya nyuma ilikuwa kipande kimoja kati ya vingi.

Kwa hiyo anayeweka Salisbury chini ya 109 ya kawaida, kisha akaongeza majani mawili kwenye springi na kupakia nusu tani ya ziada, amebakiza chesesi ileile, mara nyingi imeliwa na kutu kwenye mihimili ya nyuma, na breki zilezile za dramu. Breki ndizo zinazonitia hofu zaidi. Ekseli iliyovunjika hulisimamisha gari. Breki zilizozidiwa kwenye mteremko haziwezi. Na ukiweka nyuma ekseli yenye breki kubwa kuliko za mbele, magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza gari likiwa tupu, mkia utahama, hasa kwenye mvua. Breki zipangwe kama mfumo mmoja, mbele na nyuma pamoja na masta silinda.

Uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibati cha gari na kwenye hati zake. Haubadiliki kwa sababu ya kilichofungwa chini.

Kisha kuna kile kitakachofuata kukatika. Ukiwa na injini ya kiwandani na Salisbury, huenda usivunje kitu tena kwa miaka. Ukiwa na Tdi na Salisbury, msokoto ule uliokuwa ukikata hafshafti bado upo, unapita kwenye gia boksi ya Series ambayo haikupangiwa Nm 265. Hafshafti ilikuwa ya bei nafuu na ilitoka kwa dakika chache. Gia boksi inashushwa kwa kufungua sakafu na viti. Anayeweka Tdi afikirie gia boksi kwenye bajeti ileile ya ekseli, au aendeshe kwa mguu mwepesi kwenye gia ya kwanza.

Kwa mwenye petroli ya lita 2.25, mzigo wa wastani na barabara za kawaida, siioni haja. Seti ya hafshafti mpya za chuma kizuri, flenji zisizolegea kwenye splaini, krosi nzima, na dereva anayeondoa mguu kwenye mafuta tairi linapoanza kuzunguka hewani vitamfikisha mbali kwa fedha kidogo.

Aliyeifunga Salisbury tayari, arudie kukaza yubolti baada ya kilomita mia chache, gari likiwa limekanyaga chini na si kwenye jeki, kwa sababu springi na vikalio hukaa sawa baada ya kutembea. Ashike habu kwa mkono baada ya safari ya kwanza: iliyo moto kuliko mwenzake ina beringi zilizokazwa mno au breki inayoburuza. Amwage oili ya kwanza mapema, hata ikionekana safi, aweke nyingine ya EP 90 hadi itiririke kwenye tundu la kiwango, gari likiwa mahali tambarare. Na asikilize mvumo wa difu mara mbili, akikanyaga mafuta na akiachia. Mvumo unaokuja akikanyaga tu, au akiachia tu, kwa kawaida ni wa mpangilio wa krauni na pinyoni. Unaofuata mwendo wa gari bila kujali mguu kwa kawaida ni wa beringi, na huo huvumilika kwa muda mfupi kuliko ule wa kwanza.